Mize na Pomboo wa Mto Ulioganda

Nikiwaita?

— Tunaitika!

Nikiwapa?

— Tunapokea!

Nikiwanyima?

— Tunaondoka!

Basi msiondoke, leo nina cha kuwapa. Sogeeni. Wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole, maana hadithi hii ina mahali pa kusikiliza pumzi, na ukitafuna kwa kelele hutasikia kitu.

Zamani, zamani ile ambayo hata bibi yangu aliisikia tu kwa bibi yake, palikuwa na mji uitwao Domoni, pale mto unapomaliza safari na kuingia baharini. Mto wenyewe ulitoka mbali, kwenye mlima mweupe. Watu wa Domoni waliuona mlima ule siku za hewa safi, lakini hakuna aliyewahi kuufikia, na hakuna aliyekuwa na haja nao.

Watu hawa hawakuvua peke yao. Walivua na pomboo. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Maji yakijaa, samaki waitwao mikizi walipanda mtoni makundi kwa makundi, na pomboo wakapanda nyuma yao. Watu walisimama penye kona ya mzambarau, maji ya magoti, vimia begani, ndizo zile nyavu za kurusha. Wakamngoja mwitaji. Na mwitaji wa siku hizo alikuwa mwanamke mmoja jina lake Mize.

Mize aliinama, akapiga maji kwa kiganja cha mkono wa kulia. Pa, pa, pa. Kisha akaimba:

*Pengo, njoo, la kwanza lako,*
*Pengo, njoo, la pili langu,*
*la tatu la mwenye njaa.*

Pengo alikuwa pomboo jike. Aliitwa hivyo kwa sababu pezi lake la mgongoni lilikuwa limemeguka. Alikuja na mwanawe ubavuni, na nyuma yao alikuja mama yake Pengo, mzee, mgongo umejaa makovu. Wakisikia kile kiganja, waliwasukuma mikizi hadi ukingoni. Vimia vikarushwa, watu wakavuta. Na fungu la kwanza, kabla hata mtoto mchanga hajaonja, lilirudishwa majini. La kwanza la pomboo. Wakishakula, waligeuka na kushuka na maji kurudi baharini. Kila mmoja akaenda kwake ameshiba, na hakuna aliyemdai mwenzake kitu.

Sasa, Mize alikuwa na mdogo wake, Vuai. Wazazi wao walikufa mapema, Mize ndiye aliyemlea, na alimpenda kupita kiasi. Vuai alipooa, wageni walimiminika kutoka kila upande, wengi kuliko sufuria zilizokuwepo. Na siku hiyo ya kuvua samaki wa harusi, mikizi walikuwa adimu. Mize akaita, pomboo wakaja, vimia vikarushwa. Kilichopatikana kilijaza pakacha moja tu. Fungu moja, la kwanza na la mwisho.

Mize akaliinua alirudishe majini. Vuai akamshika mkono.

"Dada, wageni wangu watakula nini? Hawa wana bahari nzima. Leo tu."

Leo tu. Nani kati yenu hajawahi kuyasema maneno hayo? Msinijibu, nawaona mnavyotazama chini. Mize alitazama maji, akamtazama mdogo wake aliyevaa kanzu mpya, akashindwa kumnyima. Akajitwika pakacha, akapanda ukingo. Aligeuka mara moja tu. Aliliona lile pezi lililomeguka likizunguka palepale penye kona, likizunguka na kungoja. Hakugeuka tena.

Kabla wali haujaiva, upepo ukashuka kutoka mlimani.

Haukuwa upepo wa kawaida. Ulikuwa na meno. Kuku waliingia ndani bila kufukuzwa. Wapiga ngoma waliona mikono haiwatii. Bwana harusi alikuwa hajala hata kijiko, wageni wakaanza kuaga mmoja mmoja, wamejifunika mikeka. Samaki wale wakabaki juu ya uchaga wa jikoni, wanafukizwa moshi, hakuna aliyewagusa. Dhambi ile haikumshibisha hata mtu mmoja.

Kulipopambazuka mto ulikuwa umenyamaza. Watu wakatoka kuutazama. Ulikuwa mweupe, mgumu, kutoka ukingo hadi ukingo, tangu mdomo wa bahari hadi kona ya kwanza na kupita. Mmoja akasema ni chumvi, akalamba, ulimi ukanasa, ikabidi amwagiwe maji ya uvuguvugu. Barafu hawakuwahi kuiona. Wakauita mto uliokufa.

Mji mzima ukakimbilia ufukweni. Wakapiga maji ya bahari kwa viganja, wakaita. Hakuna pomboo aliyetokea. Wazee wakasema wanyama wale wamekimbia baridi, watarudi Mungu akipenda. Wanawake wakaanza kupima unga uliobaki, kwa sababu kila mtu alijua kuwa bila pomboo vimia vya Domoni ni nguo za kuchezea tu.

Mize alimvuta Vuai kando.

"Hawakukimbia," akamwambia. "Hawakushuka kabisa. Walikuwa wanangoja fungu lao."

Vuai akanyong'onyea. Akamsihi asiende, angojee jua liiyeyushe barafu, maana ikimpasukia atazama. Mize akamjibu kwamba pomboo si samaki, wanavuta hewa kama yeye na mkewe, na maji yakifunga juu yao ndiyo basi. Akaingia jikoni, akawashusha wale samaki kutoka uchagani, wakavu, wameganda, wanagongana wakilia mithili ya kuni. Akawatia pakachani. Akajifunga kanga mbili kifuani, ya tatu kichwani, akaenda. Vuai alibaki amesimama mlangoni na kimia chake mkononi, hajui akiweke wapi.

Mize akafika kona ya kwanza. Akainama, akapiga barafu. Ko, ko, ko. Akaimba *Pengo, njoo*, lakini alipofika kwenye *la kwanza lako* sauti ilimkwama. Akasikiliza. Upepo tu.

Akafika kona ya pili. Barafu ilikuwa ng'avu hapo, aliona mkizi amesimama ndani yake, jicho wazi, mdomo wazi. Akapiga. Ko, ko, ko. Akaimba, sauti ikamkwama palepale. Akasikiliza. Upepo tu. Machozi yalimtoka, yakagandia shavuni.

Akafika kona ya tatu, kona ya mzambarau. Hakupiga. Hakuimba. Alisimama.

Sasa nyamazeni. Wewe wa karanga, acha kabisa.

*Pfuu.*

Mmesikia? Ndiyo pumzi yenyewe. Pale katikati ya mto palikuwa na tundu la maji meusi, upana wa jamvi la kulalia mtu mmoja. *Pfuu*, akapumua Pengo. *Pfi*, akapumua mtoto. Halafu kimya kirefu, na mgongo wenye makovu ukainuka, ukajigonga kwenye ukingo wa barafu, du, ukazama. Bibi yule, mama yake Pengo, hakuwa anapumua tu. Alikuwa akilizuia tundu lisifunge. Kila alipogonga, maji mekundu kidogo yalibaki juu.

Na kando ya tundu, mkia ameukunja, mikono ameipakata, alikuwa amekaa Fisi.

"Karibu, mama," alisema Fisi. "Umechelewa. Jana lilikuwa upana wa ua wa nyumba. Leo jamvi. Kesho sinia. Kesho kutwa sahani. Hapo watatoa pua moja moja, na mimi nitakuwa nazipokea."

Mize akatazama tundu. Akatazama nyuma, alikotoka. Barafu ilinyooka hadi baharini, pana, ngumu, wala hakuna shoka Domoni ambalo lingeimaliza. Akamtazama Fisi. Akayatazama yale mataya, yanayovunja mfupa wa paja la ng'ombe huku mwenyewe anazungumza. Kisha akakaa juu ya barafu bila wasiwasi, mtu aliyekuja kupumzika zake, akampa Fisi mgongo. Akamchomoa samaki mmoja kutoka pakacha alilolificha chini ya kanga, akampachika kwenye ufa, akachokonoa kwa kisu. Akamega, akala. Akalamba vidole.

Fisi alinyoosha shingo.

"Unakula nini?"

"Uboho."

"Uboho wa nini?"

Mize akageuka taratibu. "Bwana Fisi, mimi nilikuwa nakusifu kwa watu. Nasema, yule ana pua, yule ana meno. Kumbe unakaa juu ya mfupa mzima unangoja nyama ya maji."

"Mfupa gani?"

"Huu ulioukalia. Hukusikia kwamba mlima umekufa? Upepo ule wa jana ndio ulikuwa pumzi yake ya mwisho. Mfupa wake umelala hapa, kutoka kwenye tundu hili hadi baharini. Angalia weupe wake. Gonga uone ugumu wake. Na ndani yake ndimo ulimo uboho huu ninaokula."

Fisi alitazama chini. Kweli peupe. Akagonga kwa ukucha. Kweli pagumu. Mate yakaanza kumtiririka. Akauma mara moja, kra, meno yakamfa ganzi, hakukuta kitu. Akakunja uso. Mize akamwambia huo ni mwanzo wa mfupa, na mwanzo wa mfupa hauna kitu, hata mtoto wa fisi analijua hilo. Yeye atatangulia kugonga asikie uboho uko wapi. Akatangulia. Ko, ko, ko. Na kila alipoinama kusikiliza, samaki mmoja alitoka chini ya kanga akaingia kwenye ufa. "Hapa," akaita. Fisi akaja anatafuna njia nzima, kra, kra, kra, akafika, akaupata. Macho yakamlegea kwa utamu.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mize mbele, ko, ko, ko. Fisi nyuma, kra, kra, kra. Na nyuma ya Fisi maji meusi yakafunguka, mfereji wa upana wa mlango.

Mtaniuliza, fisi mmoja atamaliza mto? Asingemaliza. Lakini nani alimwambia Fisi atafune kimya? Jamaa zake walisikia kule porini ndugu yao anavunja mfupa ambao hauishi. Wakaja mbio. Fisi akawaambia hakuna kitu hapa, rudini, ananoa meno tu. Hilo ndilo lililowathibitishia kwamba kitu kipo. Kila mmoja akajitosa kutafuna mbele ya mwenzake. Kra huku, kra kule, wanasukumana, wanatukanana, na mfereji ukawa upana wa njia ya ng'ombe.

Walipopita kona ya pili, Fisi akasimama. Akanusa.

"Mama. Uboho huu unanuka moshi."

Fisi wote waliinua vichwa.

"Mlima ulikuwa na moto ndani," akasema Mize. "Ulidhani ulikufa kwa nini? Kwa kuzimika."

Wakafikiri. Wakaona ni maneno ya maana. Wakaendelea kutafuna.

Lakini pakacha lilikuwa linapungua. Mize aliingiza mkono akahesabu kwa vidole bila kutazama. Walipopita kona ya kwanza, bahari inasikika mbele, alibakiwa na samaki mmoja. Mbele yao palibaki ukanda mwembamba wa barafu, na chini yake maji ya bahari yalikuwa yanajaa, yanausukuma, unalia *kii, kii*. Hakuna aliyehitaji kuutafuna tena. Ulikuwa unapasuka wenyewe.

Mize akakimbilia ukingo wa mfereji. Akapiga maji. Pa, pa, pa. Maji halisi sasa. Akaimba:

*Pengo, njoo, la kwanza lako...*

Kule kwenye kona ya kwanza pezi lililomeguka lilitokea. Likasimama. Halikuja.

Akapiga tena, kiganja kinawaka kwa baridi. Pengo alitoa kichwa, akamtazama. Hakuja. Alikuwa ameshaitwa mara moja kwa wimbo huohuo, na mnajua alichopewa.

"Mama," ilisema sauti kando yake. Fisi alikuwa anamjia juu ya barafu, fizi zinavuja damu, na jamaa zake wamejipanga nyuma. "Fungua pakacha."

Mize akafungua. Mkizi mmoja, mkavu, mweusi kwa moshi. Fisi alimtazama mkizi yule kwa muda mrefu. Kisha alicheka, na kicheko chake hakikuwa cha furaha. Akasema haya, ameelewa. Hataki makuu. Amrushie huyo mmoja, kwa jasho lake, naye atamwachia njia ya kupita. Asipomrushia, watakula walichonacho mbele yao, na kina nyama zaidi.

Fikirini nanyi. Samaki mmoja. Huku uhai wake, kule jina lake. Tena samaki mwenyewe hakuwa wake wa kumpa mtu. Alikuwa ni deni la tangu siku ya harusi, na mwenye mali alikuwa amesimama pale majini anamtazama.

Mize akainua mkono wa kulia, akamrusha mkizi kwa nguvu zake zote. Mkizi akapita juu ya kichwa cha Fisi. Akaanguka mbele ya Pengo, chubwi.

Pengo alimchukua. Akamgeukia mwanawe, akampa.

Ndipo Mize akapiga maji. Pa, pa, pa. Hakuimba. Na pomboo wakaja. Walikuja kwa kasi, mawimbi yanapanda kando zote za mfereji, na Fisi akamrukia Mize, na jamaa zake wakaruka, na uzito wote ule ukatua mahali pamoja. Barafu ikasema *paaa*, ikameguka vipande vipande. Fisi wakaingia majini na vilio vyao. Mize akaingia nao.

Maji yalimfunika. Alitaka kuvuta pumzi, hapakuwa na pumzi. Alipapasa juu, akakuta barafu. Akapapasa kwingine, barafu. Akaelewa kwa mwili wake jinsi bibi yule alivyokaa chini akitafuta mahali pa kutokea. Nguvu zikamwisha. Ndipo vipande vya barafu vikaachana, kitu kikamwangukia, chepesi, chenye vizito vya risasi pembeni, kikamkumbatia, kikamvuta.

Kilikuwa kimia. Vuai alikuwa amemfuata, amesimama ukingoni, maji hadi kifuani, kanzu ya harusi imemgandia mwilini, anavuta na kulia. Hakuwahi kuvua kitu kizito kuliko siku hiyo. Alimbeba dada yake hadi nchi kavu, akamfunika kwa kila nguo aliyokuwa nayo, akarudia neno moja tu, nisamehe, nisamehe, mpaka Mize akamwambia anyamaze, anataka kusikiliza.

*Pfuu*, kutoka baharini. *Pfi.*

Akasikiliza tena. Akangoja. Akangoja sana.

Pumzi ya tatu haikuja. Bibi yule alilizuia tundu hadi binti yake na mjukuu wake wakapata njia, na yeye nguvu zikamwisha kabla ya kuifuata. Mize aliinua uso akautazama mto, akalia kwa sauti, na hapakuwa na mtu wa kumwambia anyamaze.

Fisi walijikokota ng'ambo ya pili. Meno yao yamekuwa na rangi mbaya tangu siku hiyo, na bado hawaamini kwamba ulikuwa ni uongo. Ndiyo maana mpaka leo wanatafuna mfupa hata ulio mkavu, labda uboho upo. Jua likatoka, barafu ikayeyuka, mto ukafufuka. Mkono wa kulia wa Mize haukupata joto tena. Alijifunza kuita kwa wa kushoto.

Na Domoni walibadili jambo moja. Hawaiti kwanza. Kila mvuvi anatunza samaki mmoja wa jana. Asubuhi anamrusha majini hivihivi, bila wimbo. Ndipo mwitaji anapiga maji. Na Vuai ndiye aliyeanza jambo jingine, bila kuambiwa na mtu: alimrusha samaki wa pili upande wa juu, kwenye kona ya mzambarau, ambako hakuna anayetokea kumla. Watu wakafuata. Mtoto akiuliza yule wa pili ni wa nani, huambiwa ni wa yule aliyengoja.

Haya. Hadithi nimeirusha, na aliye karibu ameidaka. Sasa tuachane vizuri, ila safari hii tunaanza na kutoa, ndivyo Mize alivyofanya pale mwisho.

Nikiwapa?

— Tunapokea!

Nikiwaita?

— Tunaitika!

Na nikiwanyima?

Naona mmenyamaza. Vizuri. Nendeni mkalale mmeshiba.